Ukingo mweupe usioondoka: kuchapisha picha na kadi hadi mwisho wa karatasi

Swali

Fundi, habari za kazi. Niko Jinja, nina studio ndogo nyumbani na printa ya tangi, Epson L3210. Nachapisha picha za inchi 4 kwa 6, pamoja na kadi za kwanjula, ile sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa: karatasi ya A4 inayokunjwa katikati, yenye rangi au picha nyuma ya maandishi. Kila kadi inatoka na ukingo mweupe pande zote nne, hata nilipoweka pambizo sifuri kwenye Word. Kwa picha ndogo nilifaulu kuuondoa ukingo, lakini picha ya familia ilikatwa vichwa vya waliosimama nyuma. Nakosea wapi? Na je, nikinunua printa ya leza tatizo litaisha?

Jibu

Dada, hujakosea popote kwenye Word. Pambizo ulizoweka sifuri ni za ukurasa unaouona kwenye kioo cha kompyuta. Printa nayo ina pambizo zake, na Word haiwezi kuiamuru iziache. Printa nyingi za wino huacha milimita 3 hivi kila upande. Rola zinahitaji kuishika karatasi vizuri ili kuivuta, na wino ukirushwa mpaka mwisho kabisa, matone mengine yataangukia nje na kuchafua njia ya karatasi. Karatasi inayofuata itatoka na michirizi mgongoni.

Printa iliyotengenezwa kuchapisha bila ukingo huikuza picha iwe kubwa kidogo kuliko karatasi, kisha huichapisha yote, hata ile sehemu inayozidi. Wino unaopita nje hunyonywa na sponji zilizowekwa chini ya njia ya karatasi, pale kichwa cha kuchapishia kinapopita. Kwa hiyo jambo hili linaamuliwa kiwandani. L3210 yako imeruhusiwa kufanya hivyo mpaka ukubwa wa 4R tu, yaani hiyo inchi 4 kwa 6. A4 haimo, na hakuna draiva (programu inayoiendesha printa) wala programu nyingine itakayoiongeza. Usitumie usiku wako kuitafuta. Siku ukinunua mashine nyingine, soma kwanza kwenye maelezo yake ni ukubwa gani inaoweza kuchapisha bila ukingo. Epson L8050, kwa mfano, hufika A4.

Lakini kwa kadi zako huhitaji mashine mpya. Unahitaji kisu. Wachapaji wa Nasser Road pale Kampala huchapisha kwenye karatasi kubwa kuliko kazi yenyewe, halafu hukata. Kadi nyingi unazoziona zimejaa rangi mpaka mwisho zimetoka kwenye mashine zikiwa na ukingo mweupe, zikapita kwenye mashine ya kukatia.

Wewe fanya hivi. Tandaza rangi au picha ya nyuma ijaze ukurasa mzima wa A4, milimita 210 kwa 297. Maandishi na nyuso za watu ziweke ndani, angalau sentimita 1 kutoka kila upande. Chapisha kwa ukubwa halisi, asilimia 100. Ukichagua mpangilio wa kulazimisha ukurasa uenee kwenye karatasi, kila kitu kitasinyaa na ukingo mweupe utanenepa. Wino ukikauka, kata milimita 5 kila upande, karatasi ikiwa bado bapa, ndipo ukunje. Utabaki na milimita 200 kwa 287, na ukikunja katikati unapata kadi ya takriban milimita 143 kwa 200. Hakuna mgeni hata mmoja wa kwanjula atakayegundua kwamba kadi imepungua. Faida nyingine ni kwamba ukichapisha pande mbili, upande wa pili hausimami sawasawa na wa kwanza kila mara, na kukata huko kunaficha tofauti ndogo kwenye kingo.

Kadi chache zitakatika vizuri kwa rula ya chuma na kisu chenye wembe mpya, juu ya ubao. Usitumie rula ya plastiki, kisu huila na mstari hupinda. Kadi zikiwa mia na zaidi, peleka bunda lote kwa mwenye mashine ya kukatia karatasi, na umwekee alama za kukatia kwenye kadi ya juu.

Sasa vile vichwa vilivyokatwa. Hapa pana sababu mbili zilizokutana. Ya kwanza ni ule ukuzaji nilioueleza, unaokula milimita chache kila upande. Ya pili ni kubwa zaidi: picha nyingi za simu zina uwiano wa 4 kwa 3, na karatasi yako ina uwiano wa 3 kwa 2. Picha iliyolala ikijaza milimita 152 za urefu wa karatasi, kimo chake kinakuwa milimita 114, na karatasi ina 102 tu. Milimita 12 lazima zipotee, nazo hupotea juu na chini, pale pale palipo vilemba na miguu. Kompyuta haijui mzee wa familia amesimama wapi. Hukata sawasawa pande zote mbili.

Kwa hiyo kata picha wewe mwenyewe kabla ya kuituma kwenye printa. Fungua programu ya picha, chagua uwiano wa 3 kwa 2, sogeza fremu mpaka vichwa vyote viwe ndani, na uviachie nafasi ya kutosha juu. Kama familia imejaza fremu yote na hakuna cha kukata, mimi huchagua kuacha ukingo mweupe uliopimwa vizuri, sawa pande zote. Ukingo uliokusudiwa ni pambo, na picha ya familia iliyokosa kichwa cha baba mkubwa haifai kumpa mteja. Ukipiga wewe mwenyewe, rudi nyuma hatua moja na uache hewa kuwazunguka watu.

Angalia pia ubora wa faili. Kwa inchi 4 kwa 6 unataka pikseli 1200 kwa 1800 au zaidi. Wateja wakikutumia kwa WhatsApp, waambie watume kama dokumenti, maana picha ikitumwa kwa njia ya kawaida hupunguzwa.

Mipangilio yenyewe ni michache. Kwenye draiva chagua ukubwa wa inchi 4 kwa 6, chagua aina ya karatasi ya picha uliyoweka kweli, ndipo utie alama kwenye neno “Borderless”, yaani bila ukingo. Panapotokea kipimo cha ukuzaji, kiweke chini kabisa kama unaogopa kukata kitu. Ila karatasi ikiingia upande kidogo tu, mstari mwembamba mweupe utaonekana ubavuni. Kwa hiyo sukuma vizuizi vya pembeni vya trei viiguse karatasi bila kuibana. Karatasi iliyojikunja kwa unyevu inyooshe kwanza, la sivyo kichwa cha kuchapishia kitaisugua na kuacha doa.

Usichapishe bila ukingo kila kitu. Wino unaopita nje unaishia kwenye sponji, na sponji hujaa. Kwenye baadhi ya printa mpya za Epson, sponji ya kazi hii ya bila ukingo ikijaa, mashine hukataa kuchapisha bila ukingo ingawa kazi za kawaida zinaendelea, na kuibadilisha ni kazi ya fundi. Barua, risiti na fomu ziache na ukingo wake.

Leza haitakusaidia kwa hili. Printa za leza za nyumbani na ofisini huacha ukingo wa milimita 4 hivi, kwa sababu tona (wino wa unga wa leza) ikifika mwisho wa karatasi huchafua rola, na karatasi huhitaji sehemu safi mbele ili iachane na rola ya moto bila kunata. Ukiinunua kwa ajili ya maandishi mengi, sawa, lakini kadi bado utazikata. Na usiingize humo karatasi ya picha ya printa ya wino: rola hiyo hufikia nyuzijoto zipatazo 200, na utando wa karatasi hiyo unaweza kuyeyuka na kuganda ndani ya mashine.