Barua kwa mwanangu: hiyo si nyumba ya sadaka

Mwanangu,

Asalaam aleikum. Sisi hapa Makorora hatujambo, ila bibi yako na magoti yake yale yale. Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza: ukikubali nyumba ya hao Habitat for Humanity, shirika la kujengea watu nyumba za bei nafuu, huko Georgia, Marekani, si utakuwa umeombaomba? Tena unaona haya kwamba kabla ya kukabidhiwa ufunguo wanakutaka utoe saa 250 za kazi, nyingine kwenye nyumba za watu usiowajua.

Nianze na hizo saa, maana zimenichekesha. Huku tunaita msaragambo. Nyumba uliyozaliwa ilikandikwa kwa siku moja. Marehemu baba yako alishasimamisha miti na kufunga fito. Alfajiri wakaja watu, wanaume wakakanyaga udongo shimoni hadi ukalainika, sisi wanawake tukateka maji kwa zamu, nami nina mimba yako ya miezi saba. Jirani wa mkono wa kushoto alikuwa hasemezani na baba yako, ugomvi wa mpaka. Siku ile alikuja. Akakandika ukuta wa chumba cha uani peke yake, akala pilau, akaondoka kimya. Alama za vidole vyake zilibaki pale mpaka tulipobomoa tukaweka bloku. Je, tuliomba? Wiki ya pili baba yako alikuwa kwenye tope la mtu mwingine.

Na hizo bloku zilituchukua miaka kumi na minane, fundi mmoja akala hela ya mabati. Sikutakii njia hiyo.

Hao Habitat hawakupi bure. Unalipa kila mwezi, miaka na miaka, na hati inaandikwa jina lako. Bei inashuka kwa sababu wengi wanajenga kwa kujitolea, na shirika halitafuti faida. Unachorudisha kinasaidia kumjengea mwingine. Ni mchezo wetu wa upatu, ila wewe umepokea mapema.

Nimesoma habari za Millard Fuller, aliyelianzisha na mkewe Linda mwaka 1976 pale Americus, jimbo lako hilo hilo. Alikuwa wakili tajiri, akagawa mali yake. Kabla ya hapo familia yao ilihamia Mbandaka, Zaire ya wakati ule, mwaka 1973, wakajenga nyumba na wenyeji kwa mtindo huo huo. Kwa hiyo usije ukaniambia haya ni mambo ya Kizungu.

Linalonikereketa ni riba tu. Fuller aliikataa kwa kufuata Biblia, kitabu cha Kutoka 22:25, na sisi Waislamu hapo hatuna ubishi naye. Lakini matawi hayafanani, siku hizi yako yanayopitishia mikopo kwa wakopeshaji wengine. Usitie sahihi mpaka uione sifuri kwa macho yako. Ikiwa si sifuri, nipigie kwanza, tumuulize mjomba wako.

Siku mnaposimamisha kuta nitumie picha. Na uvae viatu vya kazi, si zile kandambili ulizopigia picha ya Idi.

Mama yako