Umeme wa Ethiopia: maswali yenu

Laini kubwa ya kutoka Ethiopia inapita juu ya malisho yetu na sisi bado tunawasha koroboi. Mbona hatuunganishwi? (Msomaji, Marsabit)

Ndugu yangu, una haki ya kuuliza. Laini hiyo ya kilovoti 500 inatoka Wolayta-Sodo hadi Suswa, Narok, zaidi ya kilomita 1,000. Imebeba umeme wa mkondo mnyoofu (DC), unaokwenda upande mmoja tu, ambao haupotei sana njiani lakini transfoma ya kijijini haiuwezi. Kuuchota katikati kunataka kituo kizima cha kuubadilisha, kama kile cha Suswa, na gharama yake si mchezo. Fundi hawezi kupanda mnara akakushushia waya.

Hiyo ni sababu ya kifundi, isigeuzwe kisingizio. Hata umeme wa upepo wa Loiyangalani, megawati 310 zinazozalishwa humo humo Marsabit, unasafirishwa hadi Suswa. Mkiitwa barazani, daini mitambo midogo ya sola ya vijijini. Hiyo haisubiri laini ya mtu.

Tuna umeme wa mvuke wa ardhini wa Olkaria. Ya nini kununua nje? (Nakuru)

Bei. Mkataba wa 2022 ni wa miaka 25: megawati 200 kwa miaka 3 ya kwanza, kisha 400, kwa senti 6.5 za dola kila uniti. Jioni, watu wakirudi nyumbani na kuwasha kila kitu, mvuke peke yake hautoshi, na mitambo ya dizeli ni ghali kuliko hapo.

Basi mbona tokeni hazishuki bei? (Kayole)

Kwa sababu ndani yake mna kodi, tozo ya mafuta na kupanda kwa dola.

Mnauita safi, na Ziwa Turkana je? (Lodwar)

Moshi hauna. Lakini maji mengi ya ziwa letu huletwa na mto Omo, na Ethiopia imeujengea bwawa la Gibe III, la megawati 1,870. Bwawa huzuia mafuriko ya kila mwaka, na hayo ndiyo yaliyokuwa yakiwapa samaki mahali pa kuzaliana. Waliokaa mezani kupanga bei ya umeme wakae tena, safari hii wapange maji, na wavuvi wawe ndani ya chumba.

Na sisi Tanzania tutaupata? (Arusha)

Njia ipo: laini ya kutoka Isinya, Kenya, hadi Singida, kilovoti 400, iliwashwa Desemba 2024. Bwawa la Nyerere liko Rufiji, mbali nanyi, na umeme mwingi hupotea njiani ukisafirishwa hadi kaskazini. Ndiyo maana mwaka 2025 Rais Samia alizungumzia kuununua wa Ethiopia kupitia Kenya. Kenya nayo, bila shaka, itataka ada ya kupitishia.