Mkanda wa jeshi wa mama mkwe ulitoka wapi?

SWALI: Daktari, mama mkwe wangu ana miaka 68. Alitoka Ahero kuja kukaa nasi Nyalenda na hatoki nje ya boma. Jumamosi alilia ubavu unawaka moto, jana akatokwa na malengelenge upande wa kulia, kutoka mgongoni hadi chini ya titi. Jirani anasema ni mkojo wa buibui, mwingine ananong'ona Ukimwi, na wote wanasema ncha za mkanda zikikutana atakufa. Mimi ndiye ninayemwogesha, na nina mimba ya miezi mitano. Ameutoa wapi? – Mama wa Nyalenda, Kisumu

JIBU: Mama, mpeleke hospitali leo, kisha umalizie kusoma. Asikloviri, dawa ya kupambana na virusi vya mkanda, husaidia zaidi ikianzwa ndani ya saa 72 tangu vipele vitokee, na nyinyi mmeshatumia siku moja.

Hakuambukizwa hapo kwenu. Alipougua tetekuwanga, pengine utotoni, vipele vilikauka lakini virusi havikutoka mwilini. Vilijificha kwenye mizizi ya neva, yaani mishipa ya fahamu, kando ya uti wa mgongo, vikakaa kimya miaka yote hiyo. Kinga ikipungua, hushuka kwa neva ileile hadi kwenye ngozi. Edgar Hope-Simpson, daktari wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, alifuatilia wagonjwa wake miaka mingi, na mwaka 1965 akaonyesha kwamba umri ukisonga, mkanda nao huzidi.

Kila neva huhudumia upande wake, ndiyo maana malengelenge husimama katikati ya kifua kana kwamba yamekatwa kwa rula. Habari ya ncha kukutana inawatesa wazee bure. Mwondolee hofu hiyo kabla hata ya dawa. Kinachonitia wasiwasi mimi ni vipele vikifika jichoni au vikienea mwili mzima.

Na Ukimwi? Umri wake peke yake unatosha kuleta mkanda. Kipimo kikitolewa apime, kama mtu yeyote. Angekuwa kijana ningekisisitiza zaidi.

Sasa wewe. Hukusema kama uliwahi kuugua tetekuwanga. Kama uliwahi, endelea kumwogesha. Kama hukuwahi, au huna hakika, mtu mwingine amshike hadi vidonda vifanye magamba, kwa sababu majimaji yake yanaweza kukupa tetekuwanga, nayo ni kali kwa mjamzito. Kliniki mwambie muuguzi kwamba tayari umemgusa, na umtajie siku.

Usimpake majani wala dawa ya meno. Avae leso laini. Maumivu yakibaki baada ya ngozi kupona, arudi, kwani yana dawa yake tofauti na panadol.