Kabla hujaandika "vidonda vya tumbo"

Wadogo zangu mnaoanza mafunzo kwa vitendo hapa Kigoma, jiandaeni na mgonjwa huyu. Ataketi, ataweka kiganja chini ya kifua na kusema, "Daktari, nina vidonda vya tumbo." Hajakuambia anavyoumwa, amekupa jibu. Usiliandike kwenye faili kama lilivyo.

Mwambie aoneshe kwa kidole kimoja. Akigusa chembe ya moyo, fikiria umio, mfuko wa chakula na duodeni, yaani mwanzo wa utumbo mwembamba. Umio ni bomba la misuli la sentimita 25 hivi, na ngozi yake ya ndani haivumilii tindikali. Mlango wake wa chini ukilegea, tindikali hupanda, hasa mtu akiinama au akilala ameshiba. Hicho ndicho kiungulia. Mfuko wa chakula wenyewe umejipaka ute mzito, ndiyo maana haujimeng'enyi. Kidonda cha duodeni mara nyingi humwamsha mtu usiku na hutulia akila. Cha mfuko wa chakula huweza kuzidi akila. Wagonjwa hawajapangika hivyo sana, lakini uliza.

Kisha uliza dawa, na usiulize mara moja. Mama mmoja muuza mawese alinijibu, "Hapana mwanangu, simezi dawa yoyote." Nikamuuliza habari za magoti. Akacheka, akafungua fundo la khanga, ikatoka karatasi ya diklofenaki iliyobaki vidonge vitatu. "Hizi? Hizi za magoti tu." Diklofenaki, aspirini na ibuprofeni huzuia prostaglandini, kemikali za mwili zinazochochea ule ute, na zikipungua hizo, ute nao hupungua. Ningempa omeprazoli ya kupunguza tindikali akaenda nayo nyumbani, huku fundo la khanga likiendelea kumchimba.

Watu watalaumu pilipili na mawazo. Hata madaktari waliamini hivyo, mpaka Robin Warren na Barry Marshall wa Australia walipoonesha kazi ya bakteria Helicobacter pylori. Mwaka 1984 Marshall alikunywa bakteria hao mwenyewe, ukuta wa ndani wa mfuko wake wa chakula ukavimba. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Kwenu la muhimu ni hili: kipimo cha damu hutafuta kingamwili, na hizo hubaki muda mrefu hata bakteria wakishakufa. Usikirudie ili kujua kama mtu amepona. Tumia cha kinyesi, mgonjwa awe ameacha omeprazoli kwa wiki 2. Na omeprazoli humezwa nusu saa hivi kabla ya kula. Wengi husubiri mpaka tumbo liume.

Anayemeza kwa shida, anayekonda, anayetapika mfululizo, aliyepungukiwa damu au anayepata choo cheusi cha kunata kama lami, huyo mpe rufaa akaangaliwe ndani ya tumbo kwa kamera. (Vidonge vya madini ya chuma navyo hutia choo weusi. Uliza.)

Nilipokuwa mgeni kama ninyi, aliletwa mvuvi kijana aliyetapika damu. Nikaandika vidonda vya tumbo, nikajiona hodari. Muuguzi mmoja mtu mzima hakubishana nami. Alimlaza kijana chali, akamwambia avute pumzi, akanishika mkono na kuuweka chini ya mbavu za kushoto. Wengu ulikuwa pale, mgumu, umeshuka karibu na kitovu.

Ilikuwa kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo hunasa kwenye ini na kuacha makovu, damu itokayo utumboni hukosa njia, hutafuta ya pembeni kupitia mishipa ya chini ya umio, nayo huvimba mpaka ikapasuka. Praziquantel huua minyoo, lakini mishipa iliyokwisha kuvimba haiipunguzi. Huyo anahitaji damu na rufaa ya haraka.

Kwa hiyo aliyekulia ufukweni mwa Tanganyika akitapika damu, mkishaweka dripu na kuagiza damu, pimeni wengu. Anzeni chini kulia, karibu na nyonga, mkipanda taratibu kuelekea mbavu za kushoto. Mimi nilikuwa naanzia juu, na wengu mkubwa ukianzia juu unaupita bila kuugusa ukingo wake.