Betri Imekufa Malaba? Usikimbilie Umeme wa Lori

Ukiishi Tororo na kazi zako ziko Malaba kama mimi, ombi la "kaka, una jampa?" (zile nyaya za kuazima umeme wa betri ya gari jingine) utalizoea. Watu hukesha kwenye foleni ya mpakani, redio inalia, simu zinachajiwa, taa ya ndani inawaka, na injini imezimwa ili kubana mafuta. Alfajiri wakizungusha ufunguo, kinachosikika ni tik-tik-tik tu. Mimi humsaidia kila ninayeweza, lakini kuna msaada mmoja ninaoukataza kwa nguvu zote: umeme wa lori.

Malori makubwa yanayopita hapa kwa kawaida yana betri mbili za volti 12 zilizofuatanishwa, jumla volti 24. Premio, Noah au Wish yako inatumia 12. Ukiipelekea 24 unaweza kuunguza kompyuta ya gari na balbu, na betri yenyewe inaweza kupasuka. Madereva wa malori ni watu wema, hawamwachi mtu barabarani, na atatokea mmoja akwambie, "Tutachukua betri moja tu, ile nyingine tuiache." Fundi anayejua anachoshika anaweza kufanya hivyo. Lakini gizani, kwa mwanga wa simu, kukosea kibanio kimoja kunatosha kukuletea zile 24 zote. Mshukuru, kisha mtume mtu wa boda akutafutie gari dogo.

Gari likishapatikana, yasimame karibu bila kugusana, yote yamezimwa, breki ya mkono juu, gia kwenye P au nyutro. Kama mko kando ya barabara kuu, wekeni pembetatu au matawi ya miti nyuma, mbali ya kutosha. Kisha iangalie betri yenyewe. Ikiwa imevimba, ina ufa, inavuja au inanuka kama yai viza, iache, hiyo si ya kushtua. Betri hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche moja, kwa hiyo mwenye sigara asogee mbali. Jerikeni ya maji iwe karibu: tindikali ikiruka machoni, osha papo hapo kwa maji mengi kwa dakika 15 au zaidi, halafu nenda hospitali.

Usiamini rangi za nyaya za gari. Magari yetu yamepita mikono mingi, na fundi aliyekosa waya mwekundu hufunga wowote alio nao. Futa vumbi utafute alama ya + na − iliyochongwa kwenye plastiki. Ikiwa imefutika, kichwa cha chanya huwa kinene kidogo kuliko cha hasi.

Sasa unganisha. Kibanio chekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, chekundu cha pili kwenye chanya ya betri nzima. Cheusi kwenye hasi ya betri nzima. Cheusi cha mwisho hakiendi kwenye betri iliyokufa! Kibane kwenye chuma kitupu cha injini ya gari hilo, boliti isiyo na rangi wala kutu, mbali na betri na feni. Hapo ndipo cheche huruka, na tunataka iruke mbali na ile gesi. Nimeshaulizwa mara nyingi, "Mbona umekosea?" Sijakosea. Umeme unapita kwenye chuma hicho vizuri tu.

Washa gari zima, subiri kama dakika tano, ndipo ujaribu lililokufa. Usiizungushe stata zaidi ya sekunde kumi kwa mkupuo, ipumzishe kwanza. Likiwaka, toa vibanio kwa kurudi nyuma, ukianza na kile cheusi cha kwenye boliti, na usiviache vigusane. Kusukuma kunafaa gari la manyuo tu. Otomatiki mtatoka jasho bure.

Kuna fundi atakayetaka kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inawaka, eti apime oltaneta, ile inayochaji betri injini ikiwaka. Mzuie. Umeme unaweza kuruka ghafla ukaua kompyuta ya gari. Mita ya fundi inatosha: injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4 hivi. Ikibaki kwenye 12, shida ni oltaneta au waya wake, na betri mpya haitakuponya. Ikisoma vizuri, endesha nusu saa au zaidi bila kuzima. Gari likishalala usiku mzima, pima tena kabla ya kuliwasha: betri nzima iliyojaa husoma karibu 12.6.

Na jampa, nunua zako. Unene wa plastiki usikudanganye, maana nyingine zina shaba nyembamba ndani na hupata moto mkononi. Mwombe muuzaji akuonyeshe shaba yenyewe pale inapoingia kwenye kibanio.