Maswali ya Wasomaji: Ibn Battuta Aliiona China Ipi?

*Shikamoo Mzee. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu hapa Kilwa Masoko. Mwalimu wetu wa historia ametufundisha kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331. Nimesikia kwamba msafiri huyo huyo alifika pia China. Je, ni kweli alifika, na yapo majengo ya zama zake huko ambayo bado yamesimama?*

Marahaba, mwanangu. Kabla hatujaenda China nitakurudisha kwanza hapo ulipo, kwa sababu wewe unacho mkononi kipimo ambacho wengi wanaomjadili msafiri huyu hawana. Ukivuka kwa mashua hadi Kilwa Kisiwani utaukuta Msikiti Mkuu, na ukiendelea hadi kwenye mwamba unaotazama bahari utayakuta magofu ya Husuni Kubwa, jumba linalohusishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na yote mawili yamejengwa kwa mawe ya matumbawe. Sultani huyo ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika, na kitabu cha msafiri kinamsifu mno kwa ukarimu wake. Hata hivyo, kitabu hicho hicho kinasema kwamba mji wa Kilwa wote ulijengwa kwa miti. Huenda nyumba za watu wengi zilikuwa hivyo kweli, lakini msikiti na jumba la mtawala havikuwa hivyo, na wewe unaweza kwenda kuvigusa kuta zake kesho asubuhi.

Silitaji kosa hilo ili nimvunjie heshima. Alisimulia safari zake akiwa amekwisha kurejea Moroko, mwandishi wake Ibn Juzayy akazipanga na kuzikamilisha mwaka 1355, yaani zaidi ya miaka ishirini baada ya Kilwa, na baadhi ya mambo aliyoyaandika njiani yalikuwa yamepotea alipoporwa baharini. Mtu wa namna hiyo hukumbuka vizuri nani alimpokea na alipewa nini, na hukosea kuhusu kuta na mapaa. Msome China kwa kipimo hicho hicho, na mengi yatakuelea.

Alikwenda kwa kutumwa. Alikuwa kadhi mjini Delhi, na Sultani Muhammad bin Tughluq akamteua kuwa balozi wake kwa mfalme wa China. Dhoruba ilizivunja merikebu za msafara huo huko Calicut, bandari ya India, naye alisalimika kwa kuwa alikuwa amebaki nchi kavu kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Akazunguka miaka kadhaa, akawa kadhi katika visiwa vya Maldives, akapita Ceylon (Sri Lanka ya leo), Bengal na Sumatra, na takriban mwaka 1345 akashuka katika bandari aliyoiita Zaytun. Aliona ajabu kwamba mji una jina la zeituni na zeituni zenyewe hakuna. Jina hilo lilitokana na matamshi ya Kichina, Citong, ambao ni mti wenye maua mekundu uliopandwa mjini humo, na wageni walilisikia kwa masikio ya Kiarabu. Bandari hiyo leo inaitwa Quanzhou, iko katika mkoa wa Fujian, na Ibn Battuta, aliyekwisha kuziona Alexandria na Calicut, aliihesabu kuwa miongoni mwa bandari kubwa kabisa duniani. Anasema aliona merikebu kubwa zipatazo mia moja zimetia nanga, na ndogo zisizohesabika.

Sasa nijibu sehemu ya pili ya swali lako. Ndiyo, yapo, tena mengi. Mwaka 2021 UNESCO iliingiza Quanzhou katika orodha ya urithi wa dunia ikiwa na maeneo 22 ya enzi za nasaba za kifalme za Song na Yuan. Minara pacha ya mawe ya hekalu la Kaiyuan, mmoja ukiwa na urefu wa mita 48 na mwingine mita 44, ilikamilika kabla ya mwaka 1251, kwa hiyo ilikuwa na umri wa karibu miaka mia moja alipofika. Daraja la Luoyang lilijengwa kati ya mwaka 1053 na 1059 mahali ambapo mto unakutana na bahari, na mafundi wake walipanda chaza kwenye nguzo na misingi ili magamba yake yayashikamanishe mawe. Mtoto wa pwani atalielewa hilo upesi kuliko mtu wa bara, kwa kuwa ameona jinsi chaza wanavyong'ang'ania jiwe hata panga linashindwa kuwabandua.

Lakini jengo ambalo ningependa wewe uliweke moyoni ni msikiti. Katika mtaa wa zamani wa Quanzhou pana lango refu la mawe, lenye matao yaliyochongoka na kuingia ndani tao baada ya tao, kwa ufundi wa Kiajemi. Maandishi yake ya Kiarabu yanasema msikiti ulianzishwa mwaka 400 wa Hijria, sawa na mwaka 1009 au 1010, na kwamba ulikarabatiwa mwaka 710 wa Hijria, yaani mwaka 1310 au 1311, na Ahmad bin Muhammad, mtu wa Shiraz, mji wa Uajemi. Jina la Shiraz si geni kwa mtu wa Kilwa, ambako habari za asili ya masultani zimekuwa zikilitaja kwa karne nyingi. Ukumbi wa sala hauna paa tena. Kuta zake za mawe zimesimama chini ya anga tupu, na upande wa kibla bado zinaonekana aya zilizochongwa.

Ibn Battuta hakulieleza lango hilo, ijapokuwa lilikuwa limekarabatiwa miaka kama thelathini na mitano tu kabla ya kufika kwake. Alichokieleza ni watu. Alitembelewa na kadhi aliyetoka Ardabil, akamtaja sheikh wa Kazerun ambaye mabaharia walimwekea nadhiri, akasema kwamba katika kila mji wa China Waislamu wana mtaa wao na misikiti yao. Alikiri kwamba China, pamoja na uzuri wake wote, haikumfurahisha, na kwamba kila alipokutana na Mwislamu huko alihisi kama amekutana na jamaa yake wa damu. Katika mji mmoja wa ndani alimkuta tabibu tajiri, al-Bushri, mzaliwa wa Ceuta, mji ulio karibu kabisa na Tangier alikozaliwa yeye mwenyewe, na wote wawili wakalia. Miaka baadaye, akielekea jangwani, alikaribishwa mjini Sijilmasa, Moroko, na ndugu wa mtu huyo. Kwangu mimi habari hiyo ina uzito kuliko sifa zote za bandari, kwa sababu inaonyesha njia zile zilikuwa za watu halisi wenye ndugu nyumbani.

Watu hao nao wameacha mawe yao. Kati ya mwaka 1357 na 1366 Quanzhou ilikumbwa na uasi wa askari wa asili ya Kiajemi, ukamalizika kwa umwagaji damu wa wageni, na mengi ya makaburi yao yalivunjwa, mawe yake yakatumiwa katika kuta na misingi. Katika karne ya 20, ukuta wa mji ulipobomolewa, mawe hayo yalianza kutoka moja baada ya jingine, na mwanachuoni wa hapo, Wu Wenliang, akatumia miaka mingi ya maisha yake kuyakusanya. Makumbusho ya Bahari ya Quanzhou, yaliyoanzishwa mwaka 1959, yanayahifadhi, na juu yake yamesomwa majina ya watu wa Shiraz, Isfahan na Tabriz. Hao ndio majirani wa wenyeji wake Ibn Battuta. Kwa hiyo hata pale ambapo kalamu yake haikutaja majengo, mawe yanathibitisha kwamba jamii aliyoieleza ilikuwepo.

Ninayo shaka kuhusu jambo moja, na sitakuficha. Ibn Battuta anasema aliendelea kaskazini hadi Khan Baliq, ambayo ni Beijing ya leo, na kwamba alishuhudia maziko ya mfalme aliyeuawa vitani. Mfalme wa wakati huo, Toghon Temur, hakuuawa vitani. Alitawala China hadi mwaka 1368 na akafa mwaka 1370. Ndiyo maana wanahistoria wengi hukubali kwamba alifika bandari za kusini, na husita kumfuata hadi Beijing. Mimi nipo pamoja nao.

*Mhariri, mimi ni mwalimu wa historia mjini Nakuru. Wanafunzi wangu wanasema Marco Polo hakufika China kwa sababu hakuutaja Ukuta Mkuu. Niwajibu nini?*

Ndugu mwalimu, waambie wanafunzi wako waulize kwanza ukuta upi. Ule wa matofali na mawe unaopanda milima ya Badaling, ambao ndio ulio katika picha zote, ulijengwa na watawala wa Ming, nao walishika nchi mwaka 1368. Polo, msafiri wa Venice, alifika katika baraza la Kublai, mfalme wa Kimongolia aliyetawala China, takriban mwaka 1275, akarudi Venice mwaka 1295. Zilikuwepo kuta za kale za udongo ulioshindiliwa, nyingi zikiwa zimebomoka, na Wamongolia waliokuwa wakitawala pande zote mbili hawakuwa na sababu ya kuzitunza wala kuzionyesha kwa mgeni.

Ushahidi mzuri kuhusu jambo hili unatoka kwa Ibn Battuta. Yeye alikuwa amesoma katika Kurani habari za boma lililojengwa dhidi ya Yajuj na Majuj, ambalo wengi wamelihusisha na Ukuta Mkuu, akaliulizia akiwa China. Aliambiwa ni mwendo wa siku sitini, na anaandika wazi kwamba hakumpata mtu aliyeliona, wala mtu aliyemwona aliyeliona. Hapo ndipo ninapompenda sana msafiri huyu: angeweza kutunga maelezo, na msomaji wake wa Moroko asingekuwa na namna ya kumsahihisha.

Kwa upande wa Polo, mna jambo jingine la kuwapa wanafunzi wachambue. Anasema aliondoka China kwa bahari katika msafara uliompeleka binti mfalme Kokechin Uajemi, na anawataja wajumbe watatu kwa majina. Mwaka 1941 mwanahistoria wa Kichina Yang Zhijiu alionyesha kwamba majina hayo matatu yamo katika hati ya serikali ya mwaka 1290. Hati hiyo haimtaji Polo, lakini ni vigumu kuona mtu aliyekaa Ulaya angeyapata wapi.

Wapeni pia daraja la Lugou, kusini-magharibi mwa Beijing, ambalo Wazungu wameliita kwa jina la Polo. Lilikamilika mwaka 1192, na Polo alilisifu kama lisilo na mfano duniani, akazitaja nguzo zake za marumaru zenye simba. Simba wapo hadi leo, mamia yao, kila mmoja na sura yake. Ila kitabu chake kinalipa daraja matao 24, na yaliyopo ni 11. Daraja lilijengwa upya kwa sehemu kubwa mwaka 1698 baada ya kuharibiwa na mafuriko, na kitabu chenyewe kilinakiliwa kwa mkono mara nyingi kwa tarakimu zinazotofautiana, kwa hiyo msiwaache wanafunzi watoe hukumu kwa hesabu ya matao peke yake. Ni daraja hilo hilo ambapo mapigano ya tarehe 7 Julai 1937 yalianzisha vita vya Japani na China.

*Mimi ni mfanyabiashara wa Kariakoo. Huenda Guangzhou mara mbili kwa mwaka kufuata mzigo, na kila mara narudi bila kuona chochote zaidi ya maghala. Mtu mwenye siku moja tu aende wapi?*

Dada yangu, nenda msikiti wa Huaisheng, katikati ya mji. Ibn Battuta aliiita Guangzhou kwa jina la Sin Kalan, akasema mtaa wa Waislamu ulikuwa na msikiti wa Ijumaa na soko lake. Majengo ya Huaisheng yalijengwa upya mwaka 1350 na tena 1695, lakini utakachokitazama zaidi ni mnara wake wa duara, mweupe na laini, wenye mita zipatazo 36, ambao ulikuwa pia alama kwa mabaharia waliokuwa wakipanda mto. Wenyeji watakuambia kwamba msikiti ulianzishwa na sahaba Saad bin Abi Waqqas, na kwamba kaburi lake lipo mjini humo. Sikiliza kwa heshima, lakini vitabu vya historia ya Kiislamu vinasema alizikwa Madina.

Ukiwa na siku mbili, panda treni ya kaskazini-mashariki hadi Quanzhou. Baada ya msikiti wenye lango, uliza kilima cha Lingshan, ambako kuna makaburi mawili ya Waislamu wa kale yaliyozungushiwa nguzo za mawe. Karibu nayo lipo jiwe linaloeleza kwamba Zheng He, amiri wa merikebu za mfalme wa China, alifika hapo mwaka 1417, akafukiza ubani na kuomba ulinzi kabla ya kuelekea Hormuz na nchi nyingine. Ilikuwa safari yake ya tano, na merikebu zake zilifika Mogadishu, Barawa na Malindi, mji ambao miaka miwili kabla ya hapo ulikuwa umempelekea mfalme wa China twiga.