Mgeni wa misa ya saa tatu

Mmeuliza wiki hii: "Mgeni akiingia kwa mara ya kwanza katika kanisa lenye liturujia, atarajie nini?" Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, na huu ni mwaka wa 11 nikisimama mlangoni mwa parokia moja ya Eastlands, Nairobi, na ule mshipi wa kijani begani, nikionyesha watu pa kukaa. Nilidhani jibu ninalo mfukoni. Kumbe swali linalonikereketa ni lingine: mgeni atarajie nini kutoka kwetu sisi wenyeji?

Nianze na lenu kwanza, msije mkasema nimekwepa. Atasimama, atakaa, atapiga magoti, atasimama tena, na hakuna atakayemweleza kwa nini. Jumapili kuna masomo mawili na zaburi katikati, kisha injili, kisha mahubiri. Injili inayosomwa Kariobangi ndiyo hiyo hiyo inayosomwa Lavington, maana kalenda ni moja: mwaka wa Mathayo, mwaka wa Marko, mwaka wa Luka, halafu tunarudi mwanzo. Yohana hana mwaka wake, yeye hupenyezwa humo humo, hasa Kwaresima na Pasaka. Akija Kwaresima atakuta zambarau kila mahali na Aleluya hataisikia. Akija siku nyingine huenda akakuta watoto wakicheza mbele ya vipaji, yaani matoleo yanayopelekwa altareni, na kina mama nyuma yao na unga, mafuta ya kupikia, pengine mkungu wa ndizi. Sadaka hupita mara mbili. Halafu matangazo, ambayo kwetu hushinda mahubiri kwa urefu.

Hayo yote mtu atayashika kwa kumtazama bibi aliye mbele yake. Kazi ipo kwenye komunyo, pale watu wanapokwenda mbele kupokea mkate ambao kwetu ni mwili wa Kristo, na hapo ndipo mimi nimekuwa mkali siku zote: mgeni aambiwe mlangoni, kabla hajaketi, kwamba asiye Mkatoliki hapokei. Nilishamwomba paroko tuchapishe karatasi.

Sasa huyu baba. Ilikuwa misa ya saa tatu, mwezi wa Julai, ile baridi ya kuingia kwenye mifupa. Alikuja mapema kuliko hata kwaya, na koti lililomzidi mabega, ameshika mkono kasichana ka miaka minne au mitano. Mtoto alikuwa amesukwa upya, mistari bado inang'aa mafuta. Niliwaonyesha benchi la tatu. Sikumwuliza lolote, watu walikuwa wameanza kumiminika. Wakati wa kupiga magoti nilimwona amechelewa, akainama nusu, akaona wengine wameshasimama, akacheka peke yake. Nikajua ni mgeni, na nikasema moyoni nitamwendea. Sikumwendea.

Komunyo ikafika, naye akapanga foleni kama wengine. Mhudumu akainua hostia, ule mkate mwembamba, "Mwili wa Kristo." Baba akajibu, "Asante." Akaipokea kiganjani vizuri tu, akageuka, akachuchumaa, akaivunja vipande viwili. Kimoja akampa mtoto.

Kwetu hostia haiondoki mbele ya mhudumu kabla haijaliwa. Hilo nimefundishwa na nimefundisha wengine. Mhudumu aliganda. Mimi nilitoka kando nikamshika yule baba kifundo cha mkono, nikasema, "Wewe, rudisha hiyo!" Nilidhani nimenong'ona, lakini kwaya ilikuwa katikati ya pumzi, na kanisa zima lilinisikia. Kasichana kalikuwa kameshaweka kipande mdomoni. Kakakitoa, kikiwa kimelowa, kakaninyoshea mimi.

Baba hakukasirika. Aliniambia taratibu, "Mama, pole. Si padre amesema twaeni mle nyote?"

Nilikosa la kusema. Mhudumu ndiye aliyeokoa jambo, akawaashiria wale wote wawili, wakala, wakarudi benchini. Nilifikiri wataondoka. Hawakuondoka. Matangazo yalipofika na wageni wakaombwa wasimame, akasimama na mtoto wake, akasema alikosali kila mzazi humegea mtoto wake, na akashukuru kwa kukaribishwa. Tukawapigia makofi ya kilo. Na mimi nikapiga. Sijawaona tena, na kila Jumapili bado ninaangalia benchi la tatu.

Agosti 1985, Papa Yohane Paulo wa Pili alipokuja Nairobi kwa Kongamano la Ekaristi la Kimataifa, mama yangu alinipeleka Uhuru Park. Nilikuwa na miaka 6. Aliporudi kutoka kupokea amefunga mdomo, nilimvuta leso nikamwomba anionjeshe kidogo tu. Akaniambia, "Ngoja siku yako." Niliingoja miaka mitatu, na ilipofika sikuwahi kuisahau. Kwa hiyo sisemi utaratibu ni mbaya. Ningeulizwa leo kama mtoto yule angengoja, ningesema ndiyo. Lakini mama aliniambia ngoja huku amenikumbatia.

Ile karatasi nimeacha kuidai. Karatasi ingemwambia yule baba nini? Kwamba hapokei. Isingemwambia kuwa nusu ya benchi lake nayo haipokei, maana kwetu waliooana kimila bila kufunga ndoa kanisani wamejaa tele, na kila Jumapili wanabaki wamekaa wakitazama vidole vyao. Mgeni akibaki amekaa hayuko peke yake hata kidogo. Hilo linasemwa na mtu aliyekaa karibu naye, si na karatasi, na si na mimi kutoka mlangoni. Ingawa, nikiri, Pasaka na Krismasi kanisa likifurika hadi kwenye hema, sijui nani atakaa karibu na nani.

Kwa hiyo ewe mgeni, nilikuwa nimeketi hapa nikuambie uje misa ya saa tatu, yenye kwaya na ngoma na shangwe zake. Sasa nasema hivi: mara ya kwanza jaribu ile ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ni fupi, waumini wengi wana haraka ya kwenda soko la Gikomba kufungua vibanda, na hakuna anayesimamisha wageni. Kaa nyuma, upande wa kushoto. Mimi zamu yangu huanza saa tatu.